Ekstensheni yenye kinga ya umeme: inachoweza na isichoweza kulinda nyumbani

Ukiingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ukasema kwamba unatafuta kitu cha kulinda televisheni na friji, muuzaji anaweza kukuwekea mezani vitu vitatu: ekstensheni yenye maandishi ya saji, yaani mruko wa ghafla wa volti, gadi ndogo inayokaa kati ya plagi na soketi, na stabilaiza, kifaa kinachosawazisha volti zinazopanda na kushuka. Vyote vitaitwa kinga, na huenda vyote vikawa vizima, lakini kila kimoja kina hatari yake kinayoizuia. Ekstensheni ya saji, ikiwa ni halisi, hufanya kazi iliyokusudiwa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ni nyembamba kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani, na kwa maoni yangu hatari inayoizuia siyo inayoharibu vifaa vingi zaidi katika nyumba zetu. Ndiyo maana mtu huweza kuinunua kwa nia njema, akaichomeka vizuri, kisha televisheni ikaungua vilevile.

Anza kwa kujua umeme wako una ugonjwa gani

Hatari ya kwanza ni mruko, ambao mafundi huuita saji. Huu ni kupanda kwa ghafla kwa volti hadi mamia kadhaa au hata maelfu, kwa muda mfupi unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Huletwa na radi inayopiga laini au karibu nayo, na kuwashwa au kuzimwa kwa mitambo mikubwa katika gridi. Mashine nzito za jirani, kama ya kusaga nafaka, nazo huleta miruko midogo kila zinapozimwa.

Hatari ya pili ni volti kupanda na kubaki juu kwa dakika nzima au zaidi, na hii ndiyo inayostahili kueleweka vizuri. Umeme wa majumbani ni volti 230 nchini Tanzania na 240 nchini Kenya, na hupimwa kati ya waya wa moto, unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha. Laini inayopita mtaani kwa kawaida ina nyaya tatu za moto, yaani fezi tatu, na kila nyumba huchukua moja kati ya hizo pamoja na nyutro ambayo wote wanaishiriki. Kati ya fezi moja na nyingine kuna volti takribani 400. Nyutro ikikatika kwenye nguzo au ikilegea kwenye transfoma, nyumba za fezi mbili tofauti hujikuta zimeunganishwa pamoja katika njia moja, zikigawana hizo 400 bila usawa: yenye mzigo mkubwa wa vifaa hupata volti kidogo, na ile iliyowasha televisheni na taa mbili tu hupata volti nyingi mno. Dalili yake ni kwamba taa zako zinawaka kupita kawaida au feni inavuma kwa kasi isiyo yake, wakati jirani analalamika kwamba kwake taa zimefifia. Ukiona hivyo, usisubiri kuona kama hali itatulia. Zima meni swichi mara moja, kisha piga simu ya dharura ya shirika la umeme ueleze kwamba unashuku nyutro, maana neno hilo litamsaidia anayepokea kujua ni kazi ya kikosi gani.

Ya tatu ni umeme mdogo, ambao friji na pampu huuchukia kuliko televisheni. Mota inayoshindwa kuanza kuzunguka kwa sababu ya volti hafifu huvuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, nao mkondo huo hupasha moto koili zake hadi rangi ya kuhami inaungua. Ya nne ni kukatika na kurudi papo hapo. Kompresa ya friji ikizimwa ghafla hubaki na shinikizo la gesi upande mmoja, na umeme ukirudi baada ya sekunde tano hulazimika kuanza kusukuma dhidi ya shinikizo hilo kabla halijasawazika, jambo ambalo likirudiwa mara kwa mara hufupisha maisha yake.

Kati ya hatari hizi nne, ekstensheni ya saji hushughulika na ya kwanza tu.

Kilichomo ndani yake

Mpe fundi ekstensheni ya saji aifungue, nawe utaona kwamba siri yote iko katika vidonge vichache bapa, mara nyingi vya rangi ya buluu au njano, vyenye miguu miwili ya waya na ukubwa wa sarafu. Kidonge hicho huitwa varista, na hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Juu yake pameandikwa kitu kama 14D471K. Namba 14 ni kipenyo kwa milimita. Namba 471 husomwa kwa namna yake: 47 ikifuatwa na sifuri moja, yaani volti 470, ambapo kidonge huanza kupitisha mkondo kidogo. Herufi K husema kwamba kiwango hicho kinaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 10.

Varista hufanya kazi kama lango la bwawa linalofunguka maji yakizidi kimo fulani. Volti ikiwa ya kawaida hukaa kimya, kana kwamba haipo. Volti ikipita kiwango chake, hufunguka kwa kasi kubwa sana na kuupitisha mruko pembeni, badala ya kuuacha uingie kwenye kifaa chako. Mruko wenye mkondo mkubwa hauishii kwenye zile 470. Kidonge cha milimita 14 kinapopitisha ampea 50, volti inayobaki kati ya miguu yake inaweza kufika karibu 775. Hiyo bado ni salama kwa kawaida, kwa sababu viwango vya kimataifa hutarajia hata vifaa vya kielektroniki vilivyo laini zaidi vistahimili mruko mfupi wa volti 1,500 hivi. Kwa hiyo dhidi ya mruko wa kawaida unaofika chumbani, varista nzima ni kinga ya kweli.

Sasa tazama kinachotokea nyutro ikikatika. Zile volti 230 tunazozitaja ni kipimo cha wastani. Kilele cha wimbi lake hufika karibu 325, chini ya 470, na varista hutulia. Umeme ukipanda hadi 400, kilele huwa karibu 566, na varista hulazimika kufunguka katika kila nusu ya wimbi, mara 100 kwa sekunde, bila kupumzika. Kitu kilichoundwa kustahimili sehemu za milioni za sekunde hakiwezi kuvumilia sekunde kumi za namna hiyo. Hupata moto, hupasuka, hutoa moshi, na ikiwa ekstensheni haina fyuzi ya joto ndani yake, huweza kuwaka. Wakati huohuo kapasita kubwa iliyo ndani ya televisheni, ambayo mara nyingi imeandikwa volti 400 au 450, nayo inapasuka. Bahati ikiwepo, varista hufa kwa namna inayokatisha fyuzi ya plagi na kifaa kikapona. Lakini hiyo ni bahati, na mtu hanunui bahati dukani.

Bila ethi, nusu ya kinga haipo

Mruko huja kwa njia mbili. Unaweza kutokea kati ya waya wa moto na nyutro, na hapo varista moja inatosha. Unaweza pia kupandisha nyaya zote mbili kwa pamoja ukilinganisha na ardhi, jambo ambalo radi hulifanya sana, na hapo zinahitajika varista nyingine mbili zinazoelekeza mruko kwenye waya wa ethi, yaani waya unaoshuka hadi ardhini. Kama soketi yako haina ethi inayofika ardhini, hizo mbili zimekaa bure.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toka nje uitazame rodi ya ethi, yaani chuma kilichopigwa ardhini ambacho waya huo umefungwa. Kwa kawaida iko karibu na ukuta ulipo meni swichi, pengine ndani ya kishimo chenye mfuniko. Tazama kama waya bado umebanwa kwenye rodi, kama klampu haijaliwa na kutu, na kama waya haukukatwa wakati wa kupiga plasta au kuibwa kwa ajili ya shaba. Ndani ya nyumba, kitesta cha soketi chenye taa tatu kitakuonyesha kama waya wa ethi umeunganishwa na kama moto na nyutro havikubadilishana nafasi. Hakitakuambia kama rodi yenyewe inashika ardhi vizuri, hasa kiangazi udongo unapokauka. Hilo hupimwa na fundi mwenye mita ya ethi, na ni sahihi kumlipa kwa kazi hiyo pekee hata kama hana kingine cha kurekebisha.

Hapa pia inafaa kutaja ile desturi ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Ukichomeka ekstensheni ya pini mbili kwa kalamu, umeikata ethi kwa mkono wako, na maandishi ya saji yaliyo juu yake yanabaki pambo.

Ukiwa dukani

Soma volti kwanza. Ekstensheni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imekusudiwa volti 120, na varista zake huanza kufunguka chini sana. Ndugu akikuletea zawadi ya namna hiyo ukaichomeka kwa adapta kwenye 230, itakufa siku hiyohiyo, pengine kwa mshindo. Unachotaka kimeandikwa volti 220 hadi 250 na masafa ya hezi 50.

Kisha tafuta kipimo cha juli. Watu huamini kwamba juli nyingi huzuia mruko mkali zaidi, lakini hasa zinaeleza ni nguvu kiasi gani kinga inaweza kumeza kabla ya kuchoka, kwa hiyo ni kipimo cha umri kuliko cha ukali. Kwa televisheni na kompyuta ningechukua yenye juli 1,000 au zaidi, na ningeiacha isiyotaja juli hata kidogo. Kama kimeandikwa kiwango cha IEC 61643-11 pamoja na alama ya T3, hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu T3 ndilo daraja la kinga zinazokaa karibu na kifaa. Alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya nayo itazamwe, ingawa stika pekee haitoshi, kwani stika hubandikwa na yeyote.

Taa nyekundu inayowaka kwenye swichi haithibitishi kinga. Inaonyesha tu kwamba umeme umefika. Ekstensheni nyingi za bei ya chini hazina ndani yake ila vipande vya shaba na taa hiyo. Kinga halisi kwa kawaida huwa na taa ya pili, iliyoandikwa kwamba kinga ingali inafanya kazi, na taa hiyo ikizimika siku moja, basi varista zimekwisha hata kama soketi bado zinatoa umeme.

Mpangilio ninaopendekeza

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, na ambaye mtaani kwake umeme hukatika na kurudi, ninamshauri aanze na gadi ya friji, si ekstensheni. Gadi hupima volti muda wote, hukata ikiwa juu mno au chini mno, na umeme ukirudi husubiri kabla ya kuuruhusu upite. Za friji kwa kawaida husubiri dakika kadhaa ili kompresa ipumue, ilhali za televisheni husubiri kwa muda mfupi zaidi. Zipo za kampuni nyingi, Sollatek ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki. Soma ampea zake kabla ya kununua: gadi ya televisheni isitumike kwa friji kubwa, na friji isichomekwe kwenye ekstensheni iliyojaa vitu vingine.

Gadi ina udhaifu wake. Hukata umeme kwa swichi inayosogea ndani yake, na swichi hiyo ni ya polepole mno kwa mruko unaokwisha kabla haijaanza kusogea. Hapo ndipo ekstensheni ya saji inapopata nafasi yake. Kwa televisheni, king'amuzi na redio, chomeka gadi ukutani, kisha ekstensheni kwenye gadi, kisha vifaa kwenye ekstensheni. Mpangilio huu una faida ambayo wauzaji hawaitaji: nyutro ikikatika, gadi hukata umeme kabla varista hazijachemka, hivyo kinga moja inailinda nyingine. Hakikisha tu kwamba jumla ya vifaa haizidi ampea za gadi.

Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa umeme unapokatika, kwa sababu kinachoumiza zaidi kazi yako ni kuzimika ghafla. Kompyuta mpakato na chaja za simu, ambazo nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, huvumilia umeme mdogo bila shida. Kwao ekstensheni ya saji inatosha. Stabilaiza inamfaa anayeishi mwisho wa laini ndefu, ambako kila jioni volti hushuka na kubaki chini, kwa kuwa gadi mahali pale itakaa imekata muda wote. Pasi, jagi la umeme na jiko la koili havihitaji kinga yoyote kati ya hizi, na kuvichomeka kwenye ekstensheni ni kutafuta moto: plagi yenye fyuzi ya ampea 13 haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,000 hivi, na waya wa ekstensheni nyingi hauwezi hata kiasi hicho. Usichomeke ekstensheni moja ndani ya nyingine.

Mwenye nyumba yake, ambaye anaweza kumwita fundi mwenye leseni, ana njia bora zaidi ya kukabiliana na miruko, nayo ni kufunga kinga ya daraja la pili, T2, katika kisanduku cha breka. Hii hupokea miruko kabla haijasambaa vyumbani na kupunguza kazi ya ekstensheni. Kagua jambo moja wakati fundi anafunga: nyaya zinazoiunganisha kinga na laini pamoja na ethi ziwe fupi, jumla yake isizidi nusu mita, kwa sababu mruko hauupendi waya mrefu na kila sentimita ya ziada huongeza volti zinazoingia nyumbani. Fundi atakayeacha waya umejikunja mara tatu ndani ya kisanduku ili upendeze ameiharibu kazi. Kifaa hicho huwa na kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu kinapokwisha. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa kisanduku abaki na gadi na ekstensheni.

Radi ni habari nyingine

Ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba na Mwanza hadi Kisumu, pamoja na nyanda za Kisii na Kakamega, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi, na anayeishi huko asiweke tumaini lake kwenye ekstensheni. Radi moja hubeba makumi ya maelfu ya ampea. Ikipiga mbali, kinachofika kwako ni mruko ambao varista zinaweza kuumeza. Ikipiga nguzo iliyo jirani na nyumba, hakuna kitu cha kuchomeka ukutani kinachoweza kuahidi chochote.

Kinachofanya kazi ni kuchomoa, na kuchomoa mapema, wingu linapoanza kujikusanya na kabla ngurumo haijakaribia, kwa sababu kushika plagi na nyaya wakati radi inapiga ni hatari kwa mwili wako. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi; nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi hurukwa kwa urahisi. Kisha chomoa pia waya wa dishi kwenye king'amuzi na waya wa antena kwenye televisheni. Watu wengi husahau hili: plagi ziko sakafuni, lakini mruko unashuka kwa waya wa dishi, unaingia kwenye king'amuzi, unapita kwenye kebo ya HDMI na kuua televisheni ambayo haikuwa imechomekwa umeme kabisa. Waya wa shaba unaoleta intaneti nao uchomolewe kwenye rauta. Intaneti ya faiba huja kwa uzi wa kioo usiopitisha umeme, lakini adapta ya rauta bado iko ukutani na inahitaji kutolewa.

Kinga huzeeka

Kila mruko unaopita huacha varista ikiwa dhaifu kidogo kuliko ilivyokuwa, bila dalili ya nje. Kagua taa ya kinga mara kwa mara, hasa baada ya dhoruba. Ekstensheni ikiwa na joto hata wakati hakuna kilichochomekwa, ikinuka kama plastiki iliyoungua, au ikibadilika rangi kuwa ya kahawia karibu na swichi, iondoe siku hiyohiyo. Usiifanye ekstensheni ya kawaida ya jikoni, kwa sababu varista iliyochoka huanza kupitisha mkondo kidogo kidogo muda wote na kujipasha moto yenyewe. Unapoitupa, hakikisha imechomolewa, kisha ikate waya karibu na plagi, maana ekstensheni nzima iliyo jalalani huokotwa, hufutwa vumbi na kuuzwa tena.